Kata Isiyoonjwa

Baiskeli ya serikali aliyopewa Sajini Leonidas pale Maswa ilikuwa na kengele nzuri sana na haikuwa na breki hata moja. Kwa hiyo alipomwona Nkinda, tarishi wa mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, akijirusha kutoka kwenye baiskeli yake na kupotelea majanini, Sajini alipiga kengele, akapiga tena, kisha akasimama kwa njia pekee iliyobaki. Aliingia kwenye kichaka cha miiba.

"Nkinda! Nyoka?"

"Sss!"

"Fisi?"

"Mkwe," sauti ilinong'ona kutoka chini.

Barabarani alikuwa anakuja mama mmoja wa makamo, kikapu cha michembe ya viazi kichwani. Alipoiona baiskeli ya Nkinda imelala huku gurudumu linazunguka, alielewa. Akavuta ncha ya khanga mpaka usoni, akageukia upande wa pili wa barabara, akapita upesi upesi kama anayepita karibu na moto. Hakusalimia mtu. Vumbi lake lilipotulia, kichwa cha Nkinda kilitokeza.

"Amekwisha pita?"

"Amepita. Fufuka."

"Usicheke, Sajini. Yule ndiye aliyemzaa mke wangu. Simtazami, hanitazami. Hata jina langu halipiti mdomoni mwake. Kwenu Bukoba hamna adabu hiyo?"

"Ipo. Ila kwetu hatuvunji baiskeli kwa ajili yake."

Sajini alikuwa anachomoa miiba kwenye kaptula yake ya kaki, kazi isiyoongeza heshima ya jeshi la polisi. Mwiba mmoja uliobaki kichakani haukuwa mtupu. Ulikuwa na kishungi cha pamba, cheupe, kimechomekwa usawa wa kifua chake.

"Malori," Nkinda alisema. "Msimu huu wote yanapita na pamba. Upepo unarusha."

"Hm," alisema Sajini. Mbele kidogo aliona kingine, ng'ambo ya njia kingine, halafu vingine mpaka kwenye kona. Alitia kimoja kwenye bahasha, akaandika nje yake: *Ijumaa, saa mbili na nusu asubuhi, kati ya Kasoli na chemchemi.* Kisha wakaendelea na safari.

Walikuwa na haraka. Jumanne, Shija mwana wa Maganga, kijana wa Kasoli mwenye miaka ishirini na miwili, alitoka nyumbani na gunia la pamba akielekea Dutwa. Maili mbili tu kutoka kwao alikufa kando ya chemchemi ya barabarani, baada ya kunywa maji aliyochotewa na bibi Kwandu. Jumatano nyumba ya Kwandu iliteketea. Alhamisi Sajini alipofika, mwanangwa Sayi alikuwa amemficha bibi yule kwenye ghala lake, na hakuzungusha maneno.

"Kesho saa tisa alasiri kuna baraza. Watu wataniuliza serikali inasema nini. Ukikosa la kusema, mimi nina matarishi wawili. Ukoo wa Maganga una vijana arobaini, na mapanga yao hayakunolewa kwa ajili ya kukatia mtama."

*

Chemchemi ilikuwa chini ya ukingo wa barabara, maji yanatoka katikati ya mawe mawili na kukusanyika kwenye kibwawa kilichofagiliwa. Mfagiaji alikuwa Kwandu. Miaka kumi na tano alikaa pale, akitoa majani na vyura, akiwachotea wapita njia kwa kata yake ya kibuyu. Madereva wa malori walimjua, wauza samaki walimjua. Sasa wanawake sita wenye mitungi walikuwa wamesimama ng'ambo ya barabara, wanakwenda lamboni kuchota tope, na wamesimama kwa sababu moja tu, kumtazama askari.

Kata ilikuwa bado juu ya jiwe. Hakuna aliyethubutu hata kuiiba.

Sajini aliiokota, akainusa, akaizamisha, akanywa. Akazamisha tena.

"Yesu!" mmoja wa wanawake alipiga kelele.

"Bado sijamwona," Sajini alimjibu. "Nkinda, andika saa. Nikifa, baiskeli irudishwe Maswa. Mwambie Inspekta asijaribu kuiendesha."

"Wewe ndiyo serikali?" sauti nyingine iliuliza nyuma yake. "Nilidhani serikali ni nene."

Alikuwa Felisita, muuza samaki wa Lamadi, aliyeitwa kuja kutoa ushahidi. Alitua tenga lake la samaki wakavu, akaketi juu ya jiwe la mbali kabisa na maji. "Uliza upesi, Sajini. Soko la Dutwa halingoji."

"Samaki wako hawana haraka. Wamekufa zamani."

"Na wewe unawafuata, kwa maji hayo."

"Jumanne ulikunywa hapa?"

Felisita aliitazama kata. "Nilikunywa."

"Kabla ya Shija au baada?"

"Kabla kidogo tu. Nilikuwa nafunga tenga yeye alipotokea."

"Kata hii hii?"

"Hiyo hiyo. Mama akachota, akaonja, akanipa. Ndiyo desturi yake kwa kila mtu. Mtoa maji huonja kwanza, mnywaji ajue hakuna kitu ndani."

"Halafu Shija akaja na baiskeli."

"Baiskeli gani? Alikuja kwa miguu. Anatembea hivi, ananyanyua magoti kama mtu anayevuka mto. Akasema 'maji', ila halikutoka vizuri. Ulimi mkavu, unagonga mdomoni kama kijiti. Na macho, Sajini! Meusi yote. Hayana pembeni."

Sajini alitoa karatasi nyingine mfukoni, barua ya Marcelo, dresa wa zahanati aliyeitazama maiti. *Mboni zimepanuka sana. Kinywa kikavu. Ngozi haina jasho hata tone.* Akaikunja.

"Kwandu akafanya nini? Pole pole sasa. Usiniambie ulichomwambia mwanangwa, kile nimekisoma. Niambie ulichokiona."

"Alichota. Akapiga magoti, akaiweka kata juu ya jiwe, hapo. Halafu akarudi nyuma hatua nne tano, akageuza uso."

"Hakuonja."

"Hata tone! Kijana akaiokota mwenyewe, akanywa, maji yanamtoka puani, hayapiti. Akairudisha juu ya jiwe. Mama akaja akachota tena, akaweka tena, akarudi nyuma tena. Mara tano."

"Mikono yake uliiona?"

"Yote miwili. Haikuwa na kitu. Lakini mchawi anahitaji kitu?"

"Na kijana?"

Felisita alinyanyua mkono wake wa kulia, akakutanisha vidole vitatu hewani, akavivuta taratibu, akatia kile asichokishika ndani ya mfuko usiokuwepo kiunoni. Akarudia. Wanawake ng'ambo ya barabara waliacha kunong'ona.

"Alikuwa anachuma pamba," alisema. "Hewani. Anachagua zilizopasuka vizuri. Halafu akaanguka."

"Kwandu alimshika?"

"Ndicho kinachoniudhi mpaka leo! Kijana anatupa miguu, mimi na mzigo wangu nimekimbia kumshika, mama mzima amesimama mbali na mikono kichwani, analia. Hakumgusa. Mpaka alipotulia kabisa ndipo akaja, akakipakata kichwa chake na kusema, 'Nisamehe. Nisamehe.' Haya. Hakuonja, na aliomba msamaha. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?"

"Tangu alipokunywa mpaka alipoanza kuchuma, ni muda gani?"

"Muda gani! Kata ya tano ilikuwa bado mkononi."

Sajini alimshukuru, akamwambia afike barazani saa tisa hata kama samaki watafufuka. Akamvuta Nkinda pembeni, mahali ambapo maneno yasingefika kwenye mitungi.

"Nkinda. Mkweo wa asubuhi. Tuseme anakukuta njiani unakufa kwa kiu, na hakuna mtu mwingine. Atakupa maji namna gani?"

"Ataweka chini. Atarudi nyuma, ataangalia pembeni, mimi…" Nkinda alikoma. Mdomo ulibaki wazi.

"Ataonja kwanza?"

"Mdomo wake na mdomo wangu kwenye kata moja?" alisema pole pole. "Hawezi. Ni aibu kubwa, Sajini. Bora nife."

"Na ukifa?"

Nkinda aliitazama chemchemi. "Akinigusa, itabidi aniombe msamaha," alisema. "Hata nikiwa maiti." Kisha akaongeza, sasa kwa haraka, "Lakini Shija hakuwa na mke! Ng'ombe wa mahari hawakutoka kwa Maganga. Tungejua wote!"

"Kwandu ana binti?"

"Mmoja. Dorkasi. Amekwenda kwa shangazi yake Ngasamo, tangu mvua zilipokwisha."

Kabla ya kuondoka walirudi kwenye miiba. Gunia na baiskeli ya Shija vilikuwa vimeokotwa nusu maili kabla ya chemchemi, na tangu mahali hapo vishungi vilifuatana kulia na kushoto, kila kimoja usawa wa kifua, kila kimoja kimebanwa kwa kidole kisitoke. Upepo hauna kidole. Kijana yule alikuwa amelifungua gunia, akakumbatia pamba na kuirudisha mitini, kishungi kimoja kimoja, huku anatembea. Akili yake iliharibika kabla hajaiona chemchemi.

Nkinda alitazama saa ya Sajini. "Saa nne na robo. Hujafa."

"Andika hivyo. Maji safi."

*

Kwandu alikuwa ameketi sakafuni kwenye ghala la mwanangwa, miguu imenyooka mbele kama wakaavyo wanawake wa huko. Macho yake yalikuwa mekundu kwa miaka mingi ya moshi wa kinyesi cha ng'ombe, na macho mekundu pale Kasoli yalikuwa ushahidi tosha wa uchawi hata bila Felisita.

"Mwadila, mayu," Sajini alisema. Salamu hiyo na 'mayu', yaani mama, ndiyo ilikuwa karibu Kisukuma chote alichokuwa nacho.

"Mwadila, ng'wanawane, mwanangu."

Alikaa chini naye. Alifungua stetimenti ya bibi huyo aliyoiandika Alhamisi. "Hii ina kurasa tatu. Nimeisoma leo mara ya pili nikagundua kichekesho. Umesema 'yule kijana'. Umesema 'mgonjwa', 'marehemu', 'mtoto wa watu'. Jina lake halimo. Aliitwa nani?"

"Limo kwenye karatasi zako nyingine."

"Nataka nilisikie kwako."

Kwandu aligeukia ukuta.

"Nkinda huyu," Sajini alisema, "leo asubuhi amelala majanini mpaka siafu wakamla, kwa sababu mkwe wake alikuwa anapita."

Mdomo wa Kwandu ulicheza kidogo, ukataka kucheka. Halafu ukatetemeka, na hakuweza kuuzuia. Alijifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Alimwoa lini Dorkasi?"

"Hajamwoa," alisema ndani ya mikono. "Bila ng'ombe si ndoa. Walikubaliana wao wawili. Alimtuma Dorkasi aniambie, mwambie mayu anisubiri niuze pamba, baba nitamwomba, atakubali. Tangu siku ile nilianza kumpisha njiani. Shoga zangu wangeniona mjinga, kumpisha mtu asiyetoa hata mbuzi. Lakini yeye alianza kwanza. Aliniona nateka maji akazunguka kwenye miiba, nguo zake zikachanika. Mtu wa adabu namna ile, unangoja ng'ombe ndipo umheshimu?"

"Kwa nini hukusema?"

Aliiondoa mikono. "Niseme nini? Watasema mchawi alitaka mali ya Maganga, akamtega mtoto wake kwa binti. Watakwenda Ngasamo usiku huo huo. Na Dorkasi ana mimba ya miezi mitano. Mimi ni mzee, Sajini. Nyumba wameshachoma. Basi waridhike na mimi."

"Maganga alijua?"

"Alijua anamtaka. Alimkataza. Zaidi ya hapo hakujua."

Sajini alifunga daftari. Mlangoni Kwandu alimwita.

"Alikuwa anaona kiu," alisema. "Nilimwona anaona kiu, na nikarudi nyuma. Mara tano nilirudi nyuma. Sikujua anakufa, ng'wanawane. Ningejua ningemnywesha kwa mikono yangu, adabu ningeiomba radhi baadaye."

*

Maganga alikuwa amenyolewa kichwa kwa msiba, ameketi mbele ya zizi lake. Alikuwa mtu mrefu, mkulima wa pamba aliyeheshimika. Aliwapa wageni viti, yeye akabaki kwenye gogo.

"Pole, baba."

"Nimepoa. Mmekuja kunipa habari za yule mwanamke?"

"Nimekuja kuuliza. Jumanne asubuhi, Shija alikula nini?"

"Uji wa mtama. Nilimkorogea mwenyewe." Aliitazama mikono yake. "Mama yake alikufa huyu hajaota meno. Watu waliniambia oa, mpe mama wa kambo. Nikakataa. Nilijifunza kusaga, nikajifunza kupika. Walinicheka kijiji kizima. Yeye mwenyewe akikua alikuwa ananicheka, ananiita 'mama Maganga'. Alikuwa na utani, Shija."

"Ndani ya uji ulitia nini?"

Sajini alikuwa ameuliza swali hilo mara nyingi katika kazi yake, na alizoea watu kuruka au kukasirika. Maganga hakufanya lolote kati ya hayo. Alisogeza gogo lake karibu, kama mtu aliyengoja siku tatu kuulizwa.

"Dawa. Andika, itakusaidia kumfunga. Mganga wa Mkula aliniambia kijana amefungwa na binti wa Kwandu, ndiyo maana hanisikii. Akanipa unga wa kumfungua. Ncha ya kucha kwa siku, siku saba."

"Ukampa ncha ya kucha."

"Siku saba, Sajini! Na siku hiyo hiyo ya kwanza alikuwa anapeleka pamba Dutwa. Angepita pale pale chemchemi, mbele ya macho ya mchawi, na kinga ya ukucha mmoja? Ni mtoto wangu wa pekee. Nilimimina wote." Alikata hewa kwa mkono. "Wote! Na bado yule mwanamke akaishinda. Sasa unaona nguvu zake."

Nkinda aligeukia zizini, akaanza kuwatazama ng'ombe kwa makini sana.

"Mfuko wa dawa upo?"

Maganga aliingia ndani, akarudi na kijifuko cha ngozi. Sajini alikifungua. Chini kulibaki vumbi na mbegu tatu bapa za rangi ya udongo. Alikulia kwenye shamba la misheni lililojaa mnanaha, mmea wa sumu inayovuruga akili, na padri mmoja alimchapa bakora nne kwa kuzigusa tu mbegu hizo. Alikifunga.

"Alipokunywa uji, alikaa hapa muda gani kabla ya kuondoka?"

"Alifunga gunia, akatia upepo kwenye tairi. Kama saa moja."

"Alisema chochote?"

"Alisema koo limekauka. Nikamwambia ni jua. Alisema…" Maganga alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Alisema, 'Baba, leo mbona mko wawili? Mmoja anipikie, mwingine akachunge.' Akacheka. Akapanda baiskeli akakosa kiti, akacheka tena."

"Hapa hapa uani?"

"Hapo ulipoweka mguu."

"Kwandu alikuwa wapi?"

"Kwenye chemchemi yake."

"Maili mbili."

"Maili mbili," Maganga alikubali.

Katika kazi ya Sajini kuna mahali ambapo mpelelezi hana haki ya kuendelea kusema. Alitoa bahasha tu, akakiweka kile kishungi cha pamba juu ya goti la mzee.

"Umekitoa wapi?"

"Kwenye miiba, njia ya kutoka hapa. Viko vingi. Alikuwa anairudisha pamba kwenye miti."

"Baada ya kunywa maji ya mchawi."

"Kabla, baba. Hajafika. Alipofika kwa Kwandu alikuwa amekwisha kuungua koo. Alikunywa kata tano na hazikupita."

Maganga alikitazama kishungi. Jogoo alipita kati yao, akadonoa, akaenda zake. Mzee aliinua mkono wa kulia, ule wa kukorogea, akauweka chini ya paja lake, akaukalia.

"Ncha ya kucha," alisema.

"Ndiyo."

"Bwana Sajini." Sauti ilikuwa imeshuka, ya adabu, kama anaomba mbegu kwa jirani. "Wewe ni mtu wa mbali. Kesho unaondoka. Niachie yule mwanamke. Sisemi wamuue. Wamfukuze tu, aende, ila iwe ni yeye. Ukiniondolea yeye wa kulaumu, hapa uani nitabaki na nani?"

"Siwezi, baba."

"Yeye ana nini cha kupoteza? Nyumba imeshaungua!"

"Ana mjukuu," Sajini alisema. "Na mjukuu wako wewe ni huyo huyo mmoja."

Alimweleza yote, kwa maneno machache kama yanavyoandikwa kwenye ripoti. Alimweleza habari za Dorkasi na Ngasamo, miezi mitano, mtu anayezunguka kwenye miiba ili asimpite mkwewe, na kata iliyowekwa juu ya jiwe mara tano kwa heshima. Maganga alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza swali moja tu.

"Aliniogopa kiasi hicho?"

Saa nane ilikuwa imepita. Mzee alisimama, akaingia ndani, akatoka amevaa koti lake la barazani, akatangulia njiani bila kuambiwa.

*

Watu walikuwa wengi kuliko kivuli. Vijana wa ukoo walisimama upande wa jua, mapanga yamelazwa kwenye mikono, wanazungumza kwa sauti ya chini. Felisita alikuja na tenga lake. Kwandu alikuwa ameketi peke yake katikati, amefungwa kamba kiunoni, ncha yake mkononi mwa tarishi.

Mwanangwa Sayi aliinua fimbo. "Serikali inasema nini?"

Sajini alifungua daftari, lakini Maganga alimshika mkono.

"Serikali inyamaze kwanza," alisema. Akasogea mbele ya watu wake. "Vijana wangu, mmenililia vizuri. Rudisheni mapanga. Uji niliukoroga mimi, dawa nilitia mimi, mtoto alitoka kwangu amekwisha kufa, ila miguu ilikuwa haijaambiwa. Mama huyu alimpa maji."

"Mzee amechanganyikiwa!" kijana mmoja alipaza sauti. "Mbona hakuonja?"

Maganga alimgeukia Kwandu, halafu akayaondoa macho yake haraka na kuyaelekeza chini. "Hakuonja," alisema, "kwa sababu alikuwa anampa mkwe wake."

Ilichukua muda kidogo. Kisha mwanamke mmoja mzee upande wa nyuma akaguna, mwingine akashika kinywa, na neno likaanza kutembea kutoka mdomo hadi mdomo. Felisita alikaa juu ya tenga lake, akasahau kwamba ni la samaki. Vijana walitazamana. Yule aliyepaza sauti alilificha panga nyuma ya mgongo wake, na hakuna aliyemcheka.

Tarishi alifungua kamba. Kwandu hakusimama. Alikusanya vumbi lililoingia kwenye khanga yake, akalikung'uta taratibu, upande mmoja, upande wa pili. Alipozungumza, alimwelekea Sajini, ingawa hakuwa akimuuliza yeye peke yake.

"Ngasamo amekwenda nani?"

Sajini alimtazama mwanangwa. Mwanangwa alimtazama Nkinda. Siku tatu zilikuwa zimepita. Kijana alikuwa amezikwa. Na kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba Dorkasi ana haki ya kuambiwa, hakuna aliyekuwa amemwambia.

"Nitakwenda mimi," Maganga alisema.

"Wewe uko chini ya ulinzi, baba," Sajini alisema. "Nakupeleka Maswa."

"Nipeleke. Ila nipitishe huko kwanza."

Ngasamo haikuwa njia ya Maswa. Ilikuwa kinyume chake kabisa, na kwenye fomu ya safari Sajini angelazimika kuandika uongo mkubwa. Alitikisa kichwa kukubali.

Kwandu aliinuka. Alivuta khanga mpaka usoni, akageukia pembeni kama ilivyompasa mbele ya baba wa mkwewe, na akazungumza na ardhi.

"Basi aende mtu mwingine mbele," alisema. "Yule mtoto wangu kila siku anakaa mlangoni kutazama njia. Akimwona mzee huyu anakuja amevaa koti, atadhani ameleta ng'ombe."